Betri za Gari Linalongoja Moto

Neema, aliyeshika nafasi yangu ya udereva, ameniomba mara kadhaa niandike ninayoyajua kuhusu gari la zimamoto la kiwanda. Anasema yeye na watakaomfuata hawawezi kunipigia simu kila jambo likitokea. Nimekubali, kwa sababu simu zenyewe huita nikiwa mezani. Vyeo sitavitaja, sikuwa navyo vya kujaza ukurasa. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na yaliyonisumbua, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa betri.

Nilikuwa dereva wa zimamoto katika kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Misungwi. Pamba huingia ikiwa na mbegu zake, mashine huitenganisha, nyuzi hufungwa marobota na mbegu huenda kukamuliwa mafuta. Pamba kavu ikishika cheche haikupi muda wa kushauriana. Ndiyo maana kiwanda kilikuwa na gari lake, lori jekundu lenye tangi la maji na pampu, likikaa chini ya banda karibu na lango. Udereva wangu ulikuwa wa namna yake. Wenzangu walilipwa waendeshe, mimi nililipwa nisiwe na sababu ya kuendesha. Mwaka ukipita bila gari kutoka, tulisema umekuwa mwaka mzuri. Majirani walimuuliza mke wangu Regina mumewe anafanya kazi gani hasa, naye aliwajibu kwamba analinda lori.

Siku ya kwanza nilifika nimenyoa ndevu, nina leseni ya magari makubwa ambayo bado ilikuwa inanukia upya. Nilimkuta Mzee Magesa, dereva niliyekuja kusaidiana naye na baadaye kushika nafasi yake. Alikuwa Mjita wa upande wa Mara, mrefu, asiye na haraka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kuendesha?"

"Najua."

"Basi hilo halitakusumbua sana hapa," akasema.

Nilitegemea anipe ufunguo. Akanipa spana. Akapiga goti ubavuni mwa lori, akafungua kisanduku chini ya kabini, nami nikaziona zile betri mbili, nzito kila moja kama mtoto wa darasa la kwanza, zimeunganishwa kwa waya mnene. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe. Akanituma gengeni nikanunue magadi. Mama muuzaji akaniuliza napika maharage ya watu wangapi. Niliporudi tuliyayeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, tukapaka kwa mswaki wa zamani, unga ukatoa povu na kuondoka. Mzee alinisimamia nisidondoshe hata tone kwenye matundu ya betri. Kisha tukakausha, tukakaza, tukapaka grisi. Alipomaliza alishika kila waya na kujaribu kuuchezesha. Alisema betri nyingi zinazotupwa ni nzima, ila zimeshikwa vibaya.

Kuhusu maji ya ndani alikuwa mkali zaidi. Yakipungua mpaka vibati vinaonekana, unaongeza maji ya betri ya dukani, basi. Niliuliza kama ya mvua hayafai, maana bati la banda lilikuwa safi.

"Ya mvua mpe bata," akasema. "Ya ziwa mpe samaki."

Wiki yangu ya kwanza ilikuwa haijaisha nilipofanya kosa ambalo ninyi nyote mmelifanya. Asubuhi niliingia, nikawasha injini, nikaiacha ingurume kidogo, nikazima, nikashuka nikijiona nimewajibika. Mzee Magesa alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa uji.

"Umefanya nini?"

"Nimelichangamsha, Mzee."

"Umelichosha."

Akanieleza, na tangu siku hiyo nimeeleza wengine vilevile. Stata inapozungusha injini ya lori inachota chaji nyingi kwa mkupuo mmoja. Alteneta, inayozalisha umeme injini ikizunguka, inarudisha, lakini inarudisha polepole, na injini ikiwa inanguruma tu pale pale inarudisha kidogo zaidi. Ukiwasha na kuzima baada ya muda mfupi umechota ndoo na kurudisha kikombe. Fanya hivyo kila asubuhi na siku moja lori litakugomea, wakati wewe unaapa kwamba uliliwasha jana. Betri isiyojaa, kwa maneno yake, inajila yenyewe. Baadaye niliona betri zilizopasuliwa na kuelewa alichomaanisha: vibati vinavaa ukoko mgumu ambao chaja haiwezi kuutoa tena.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Mara moja kila wiki, alfajiri kabla mashine hazijaanza, tulilitoa lori na kuliendesha kwa mwendo wa kawaida kuelekea Kigongo, kulikokuwa na kivuko cha kwenda Busisi. Tukiiona foleni ya magari yanayosubiri kuvuka, tunageuza. Mwanzoni watu wa kando ya barabara walitoka nje kutazama moto uko wapi. Baada ya muda walizoea, wakaanza kutuagiza samaki.

Mzee Magesa alipostaafu alirudi kwao. Hakuniachia maneno ya kuaga. Alinipa ufunguo na kusema betri ya kushoto inakunywa maji kuliko ya kulia, kisha akapanda basi.

Niliyokutana nayo baada ya hapo ni mengi, nitataja machache. Betri mbili zilizounganishwa ni kama ng'ombe wawili wa jembe. Mmoja akidhoofika, mwingine anavuta kwa ajili ya wote na yeye pia anaanguka. Msinunue moja. Mkiambiwa bajeti inatosha moja, subirini itoshe mbili. Tena, betri ikiwa chini kabisa, kulivuta lori au kulishtua kwa nyaya za gari jingine hakuiponyi. Kunaliwasha tu. Bado inahitaji kukaa kwenye chaja usiku mzima.

Kesi iliyonichukua muda mrefu ni ile ya chaji kupotea. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea wakati huo. Nilikuwa nalitembeza lori kama kawaida, ninalizima likiwa zima, na baada ya siku chache stata inazunguka kwa uvivu. Nilibadilisha waya. Nilisafisha ardhi yake, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye chasisi, fremu ya lori. Haikusaidia.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Rwegasira, Mhaya aliyesomea uhasibu, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'aa hata msimu wa vumbi. Nilimwendea kuomba betri mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, pamoja na ufundi wangu, sikuwa nimejiuliza.

"Masanja, gari likiwa limezimwa, ni nani anayelitumia?"

"Hakuna, Meneja."

"Kinachopungua kuna anayekitumia. Ndivyo ninavyojua mimi kwenye stoo. Kwenye gari sijui."

Nikarudi bandani. Nilichomoa waya hasi, nikaweka taa ndogo ya majaribio kati ya waya na kichwa cha betri. Kama hakuna kinachokula umeme, taa haiwaki. Ikawaka. Nikawa nachomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku nikiitazama, na nilipochomoa ile ya tundu la kuwashia sigara, ikazima. Nikaingia kabini. Chini ya kiti kulikuwa na waya, na kwenye waya kulikuwa na chaja, na kwenye chaja kulikuwa na simu, na pembeni yake simu nyingine zikingoja zamu, kila moja imefungwa karatasi yenye jina.

Zilikuwa za Kulwa, mlinzi wa zamu ya usiku, na za nusu ya mtaa wake. Nyumba zao zilikuwa bado hazijafikiwa na umeme. Nilimngoja aje kuzichukua.

"Hizi ni za watu," akasema, baada ya kuniamkia na kukosa pa kutazama.

"Naona. Na lori nalo ni la watu."

"Nilidhani betri kubwa hivyo haiwezi kuhisi simu."

Ningeweza kumpeleka ofisini, na angefukuzwa. Sikumpeleka. Nilimfundisha kutumia ile taa, nikamwambia kila akiingia zamu aipime betri kabla ya kukaa. Kulwa alikuwa mkaguzi mkali kuliko mimi. Siku moja alikuja kunigongea nyumbani kunishtaki kwamba nimesahau taa ya kisanduku cha mipira ya maji, na ilikuwa kweli.

Msimu mbaya ulipofuata, pamba ikawa kidogo, Bwana Rwegasira akapunguza dizeli ya kila idara. Safari zangu za alfajiri zilikatwa. Nilipinga, naye akaniambia amekwishapunguza watu na hawezi kuniacha nitembee na lori bila mzigo mbele ya waliobaki. Nikarudi bandani. Siku chache baadaye alinikuta nahangaika na chaja ya ukutani, ambayo haikufaa sana kwa sababu umeme wa kiwanda ulikatika ovyo. Akaniuliza kama betri inahitaji umeme mwingi kwa muda mfupi au mdogo kwa muda mrefu. Nikasema ikiwa imejaa tayari, mdogo kwa muda mrefu unatosha. Aliporudi kutoka Mwanza alikuwa na kibao cha sola na kidhibiti chake, kile kinachozuia chaji isizidi. Tulikifunga juu ya bati la banda, mimi na fundi umeme. Bado nilihitaji kulitembeza lori mara mojamoja, maana tairi, breki na pampu haviponi kwa jua, lakini betri zile zilidumu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Sasa nieleze moto.

Ulikuwa mchana, katikati ya msimu wa ununuzi. Uwanja wa mbele ulijaa mikokoteni ya ng'ombe na wakulima waliokuwa wakingoja mizani, wengine wamelala pale pale. Mnaofanya kazi hapo mnajua kanuni: pamba ambayo haijapimwa bado ni ya mkulima. Ikipotea, imepotea kwake. Ndani ya mashine ilipita pamba yenye msumari, meno yakaugonga, cheche ikasafiri na nyuzi kwenye bomba la upepo mpaka ghala la marobota. Tulipouona moshi, moto ulikuwa umekwisha kukaa.

Kengele ilipolia nilikimbia. Mabula, mtu wa pampu, alikuwa ameshapanda. Nilizungusha ufunguo, injini ikaitika papo hapo. Sikufikiria lolote wakati huo. Usiku, kitandani, niliwaza ingekuwaje kama isingeitika, nikashindwa kulala.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani na kusukuma moto kuelekea uwanjani. Vipande vya pamba inayowaka vilikuwa vinaruka juu ya uzio kama kunguru. Nikasimamisha lori mbele ya ghala, Mabula akavuta mpira, nami nikawa nahesabu kichwani: tangi letu haliwezi ghala na uwanja vyote, na gari la mjini liko mbali. Bwana Rwegasira akatokea ubavuni mwangu bila koti. Marobota ya ghala lile yalikuwa ya kiwanda, na yeye ndiye aliyetakiwa kuyajibia.

"Ghala limekwisha," akasema. "Kinga uwanja."

"Meneja, marobota..."

"Nimeyaona. Geuza gari."

Nikaligeuza. Wafanyakazi walikuwa wametoka wote ghalani, na wakulima wengi walikuwa wanafungua ng'ombe na kuwaswaga nje. Pamba iliyobaki pale ilikuwa nyingi. Katikati ya uwanja mwanamke mmoja, Minza, ambaye sikuwa namjua bado, alikuwa amekaa juu ya magunia yake. Mabula alimfuata akamshika mkono, naye akaunyakua.

"Mama, toka hapo," nikampigia kelele kutoka kabini.

"Nikitoka nitaenda wapi?"

"Nje ya lango, na wenzako."

"Wenzangu wana waume wa kuwalimia tena. Mimi nimelima hii peke yangu. Ikiungua, nitaiona ikiungua."

Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Nilimwambia Mabula afungue maji. Tulimloanisha Minza pamoja na magunia yake, kisha mikokoteni ya kushoto kwake, kisha ya kulia, tukazunguka hivyo hadi uwanja wote ukawa tope. Vipande vya moto vilianguka na kuzima. Minza hakuondoka. Alijifunika khanga kichwani na kukaa kimya kama mtu aliyekutwa na mvua safarini. Maji ya tangi yalipoisha, paa la ghala lilikuwa limeanguka ndani na upepo ulikuwa umepungua. Gari la mjini lilipofika lilikuta kazi ya kupoza majivu. Hakuna aliyekufa. Fundi mmoja aliungua mgongoni, akapona.

Jioni Minza alinijia nikiwa nakunja mipira, khanga ikiwa bado inamdondoka maji.

"Ni wewe mwenye gali hili?"

"Ni mimi."

"Umeniloanishia pamba. Mizani haipokei pamba mbichi."

"Ni kweli, haipokei."

"Sasa?"

Nikamwonyesha uwanja wa mpira wa wafanyakazi. Wakulima walianika pamba pale kwenye maturubai kwa siku nyingi, na timu yetu haikufanya mazoezi mpaka msimu ukaisha. Bwana Rwegasira aliagiza ipimwe kwanza kabla ya mpya. Hakuwepo msimu uliofuata. Wenye kiwanda walimwondoa, sababu sikuelezwa, na sikuwa mtu wa kuelezwa.

Ni katika msimu huo uliofuata ambapo Minza alikuja langoni na kuku jike, akaulizia meneja. Nikamwambia ameondoka, anaishi Mwanza sasa. Akasimama kidogo, kisha akanikabidhi kuku.

"Mpelekee. Mwambie ni wa Minza wa magunia."

Mimi hakuniletea kitu. Mimi ndiye niliyemloanishia. Nilimpakia kuku kwenye basi kwa konda ninayemfahamu, na jioni Bwana Rwegasira akanipigia. Nilimwambia kuku ametoka kwa nani.  Akaniuliza kama kile kibao cha sola kinafanya kazi. Nikasema kinafanya. Akasema vizuri, akakata.

Neema alifika miaka yangu ya mwisho. Kwao ni kando ya ziwa upande wa Mara, na alikuwa ameendesha malori ya samaki kwenda mbali ambako mimi sijafika. Siku ya kwanza nilimpa spana, akaniuliza magadi yako wapi. Baba yake alikuwa na pikapu iliyokaa sana ikisubiri wateja, na betri zake alizijua. Sikuwa na mengi ya kumfundisha, nikamfundisha yaliyobaki: lori lenyewe, tabia zake, mlio wa pampu inapovuta hewa. Nilipostaafu nilimkabidhi ufunguo, nikahamia Mkolani, Mwanza, na Regina.

Nina gari dogo la zamani, nililinunua ili tuwe na usafiri wa kanisani na sokoni. Kanisa liko karibu, na soko Regina anapenda kwenda kwa miguu. Gari likawa linakaa. Msinicheke. Jumamosi moja nilitaka kulitoa, stata ikalia kama panzi na kunyamaza. Nilikuwa bado naliangalia Neema alipopiga simu kuniuliza jambo la pampu. Nikamweleza yangu pia. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akaja na chaja na kipimo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alikuwa amefungwa bendeji kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Aliweka chaja chini, akafungua boneti kwa mkono mmoja.

"Umefanya nini mkono?"

"Alhamisi tulitoka," akasema, macho yake kwenye betri. "Nyumba za nyuma ya uzio. Jiko la mkaa. Nyasi za upande ule zilikuwa kavu, moto ukafika kwenye nyumba ya tatu."

"Watu?"

"Wazima wote. Bibi mmoja tulimtoa dirishani. Mkono ni bati tu, lilianguka. Unapona."

Nilikuwa na swali, na ninyi mnajua ni swali gani: lori liliitika mara moja? Nilikuwa nimelibeba kila asubuhi kwa miaka mingi na lilikuwa limenijia mdomoni. Nikamtazama anavyoshikilia waya kwa vidole vya mkono uliofungwa na kulegeza nati kwa mwingine, nikaona halinihusu tena. Nikamshikia waya.

Alipima, akatikisa kichwa. Betri iliyojaa na kupumzika husoma zaidi ya volti kumi na mbili na nusu. Yangu haikuwa karibu na hapo.

"Hili unalitoa mara ngapi, Mzee?"

"Hatuna pa kwenda mara nyingi."

 Aliunganisha chaja kwenye umeme wa nyumba, Regina akaleta chai na viazi, tukakaa barazani hadi mchana ukapita, yeye akimsimulia Regina yule bibi alivyokataa kutoka dirishani bila redio yake. Chaji ilipofika mahali pa kuridhisha alichomoa nyaya, akakaza vichwa, akajaribu kuvichezesha.

"Haya, washa."

Nikawasha. Gari likaitika. Neema alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akafunga boneti.

"Sasa litoe. Usinizimie hapa."

"Nilipeleke wapi?"

"Popote, Mzee. Barabara ipo."

Nikaweka gia. Kabla sijaondoka, mlango wa upande wa pili ulifunguka. Regina aliingia, bado ana kitambaa cha jikoni begani, akafunga mkanda na kutazama mbele, wala hakuuliza tunakwenda wapi.